Benchi la Kulindia Robota

Siku ya kuniaga mlinipa redio, mashuka mawili na nafasi ya kusema. Redio inaimba vizuri. Mashuka mke wangu ameyafungia kabatini yangoje wageni ambao hatuwajui. Ile nafasi ya kusema ndiyo niliyoiharibu. Nilisimama mbele yenu pale uwanjani, nikasafisha koo, nikasema "asanteni," nikakaa. Mkapiga makofi kwa nguvu, na ninajua kwa nini: soda zilikuwa zinapata joto. Sasa niko nyumbani, mikono haina kazi, na yale niliyotaka kuwaambia yamenirudia yote. Basi nayaandika. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Anayezitaka aende ofisini, faili langu liko pale linaliwa na mende.

Kwetu ni Ushirombo, kwa Wasumbwa, nyumba ya Wakatoliki waliotaka niwe padri. Mimi na Kilatini hatukuelewana, kwa hiyo nikapanda lori la pamba nikaja Shinyanga kutafuta kazi. Uhuru ulikuwa bado mchanga na jinari, kiwanda chetu cha kuchambulia pamba, ilikuwa inaajiri. Siku ya kwanza nilivaa shati langu la Jumapili, jeupe, la mikono mirefu, nimefunga vifungo hadi shingoni. Nilitaka wanione mtu wa maana. Fomeni wa zamu, Mzee Yohana Kulwa, alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

"Umekuja kubatizwa?" akauliza.

"Nimekuja kazini, mzee."

"Basi mikono hiyo ni ya kanisani. Hapa mashine huanza na shati, halafu inamfuata mwenye shati."

Akatoa kisu cha kukatia ngozi za rola, akaikata mikono ya shati langu juu ya viwiko, wa kulia kisha wa kushoto, bila haraka, nami nimesimama kama kondoo anayenyolewa. Vipande akavikunja vizuri akanitilia mfukoni. "Mkeo atawafutia watoto pua," akasema. Sikuwa na mke wala mtoto, na shati lilikuwa hilohilo moja. Nilimchukia hadi mwisho wa wiki, nilipomwona mwenzetu mmoja akivutwa na mkanda kwa ncha ya koti lake. Aliponea chupuchupu, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kikuukuu kikachanika. Baada ya hapo sikulililia shati tena.

Ninyi mmezikuta mota za umeme, kila mashine na swichi yake. Sisi tulikuwa na injini moja ya dizeli iliyozungusha shafti ndefu juu ya vichwa vyetu, na mikanda ikishuka kutoka kwenye shafti hiyo kwenda kwa kila mashine. Kelele ilikuwa ya kuziba masikio, na vumbi la pamba lilitugeuza wazee wenye mvi kabla ya saa ya chai. Katikati ya kelele hiyo Mzee Yohana aliweka ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. "Hii inakohoa," alikuwa akisema. Au, "Hii mmeinywesha grisi kama ng'ombe kwenye lambo." Ilinichukua misimu mingi kusikia alichokisikia yeye, na hata leo nikipita karibu na mashine yoyote masikio yangu yanaanza kazi bila kuniuliza.

Alikuwa mzee wa kanisa, la Kiprotestanti, na alinitania sana kwa Ukatoliki wangu. Siku moja tukibadilisha ngozi za rola aliniuliza kama parokiani kwetu kuna sanamu ya Yusufu seremala. Nikamwambia ipo, nzuri tu, imepakwa rangi ya kahawia.

"Mna sanamu yake, lakini hamjamsikiliza."

"Nitamsikilizaje, mzee? Kwenye Injili zote hasemi hata neno moja."

"Ndiyo," akasema. "Anaambiwa mchukue mtoto na mama yake, anaamka, anawachukua, anakwenda. Nipe spana."

Mahubiri yake yalikuwa marefu kiasi hicho. Mengine alihubiri kwa miguu. Mkewe aliumwa nyonga na hakuweza kutembea mbali, kwa hiyo Mzee Yohana alichota maji mwenyewe, ndoo kichwani, akapita nayo katikati ya soko. Mnajua Wasukuma na jambo hilo: maji ni kazi ya wanawake. Wanaume waliokaa wakinywa chai walimwita ngosha, yaani mwanaume, kwa namna ya kumsuta. Yeye aliwasalimia mmoja mmoja, "Mwangaluka, mwangaluka," na hakumwaga tone. Mimi kijana nilikuwa natembea hatua kadhaa nyuma yake nisionekane tuko pamoja.

Sasa nifike kwenye moto, maana bila moto huo nisingekuwa na la kuandika.

Pamba haina mzaha na moto. Jiwe dogo likipita na pamba ndani ya mashine, likagonga chuma, cheche inatosha. Moto wa nje mnauona na kuuzima. Hatari ni cheche iliyoingia pamoja na pamba hadi kwenye mashine ya kushindilia, ikafungwa ndani ya robota, lile furushi kubwa la pamba. Robota limebanwa kama jiwe. Moto unakaa tumboni mwake, mwanzoni hautoi moshi wala joto, unakula polepole, usiku mmoja au siku kadhaa, halafu unatokea upande usioutegemea. Ndiyo maana tulikuwa na sheria: cheche ikionekana, marobota yote yaliyofungwa wakati huo yanapelekwa uwanjani, mbali na ghala, na aliyeyafunga anakaa nayo kwenye benchi, anayanusa, anayapapasa, mpaka fomeni aseme basi. Aliyelifunga ndiye anayelilinda. Hakuna kumpa mwingine, maana ni yeye peke yake anayejua lile robota lilivyokwenda mkononi mwake.

Masanja ndiye aliyekuwa kwenye mashine ya kushindilia miaka ile ya mwisho ya sabini, ile ya foleni za sabuni na sukari. Alikuwa kijana wa Ibadakuli, kifua kipana, mcheshi, na wote tulimpenda. Alikuwa ameoa kanisani, kwenye kanisa la Mzee Yohana, na binti yao Neema alikuwa bado anatambaa. Yeye jina la ngosha alilipenda, na kwake halikuwa utani. Kukaa kwenye benchi kulichunga robota aliona ni kazi ya yaya. "Mzee, mimi sikuajiriwa kulea," alikuwa akisema, na tulicheka.

Jumamosi moja jiwe lilipita. Cheche ikaruka, tukauzima ule moto wa nje, na Mzee Yohana akaagiza robota la mwisho litolewe uwanjani. Kisha akaitwa kwenye injini. Masanja alilitoa robota, akalimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka likawa baridi kama mtungi. Akalipapasa, akaridhika kwamba limekufa, akaliviringisha hadi ghalani pamoja na mengine, akaenda zake nyumbani. Wazee wote wa pamba wanajua kwamba maji hayaingii kwenye robota lililobanwa. Yanalowesha ngozi ya nje tu, na ile baridi inakudanganya mkono.

Kesho yake tulikuwa kwenye misa. Padri alikuwa hajamaliza mahubiri tulipoanza kusikia mlio wa hatari, na tulipotoka nje moshi wa ghala ulikuwa umesimama juu ya mji. Tulikimbia na nguo zetu za Jumapili. Mungu alisaidia hakufa mtu, lakini pamba ya msimu karibu wote iliteketea, pamba ya wakulima waliotoka jasho. Masanja alionekana mara moja, amesimama kwenye reli, anatazama. Hakusogea karibu. Halafu hakuonekana tena, kazini wala nyumbani kwake.

Meneja alituita. Aliuliza nani aliliingiza robota lile ghalani. Nilimwona Mzee Yohana akivua kofia.

"Mimi ndiye fomeni. Limeingia zamu yangu."

"Nimeuliza nani aliliingiza."

"Nimekujibu, bwana meneja. Limeingia zamu yangu, na mimi sikwenda kulitazama kabla ya kufunga."

Akavuliwa ufomeni siku hiyohiyo. Ili asifukuzwe kabisa, baada ya utumishi wote ule, akapewa kazi ya kudumu ya kulinda marobota uwanjani. Mtu aliyeweza kusikia beringi ikikohoa akawa anakaa juani kwenye benchi, kofia imeshuka machoni. Nilimfuata nikiwa nimekasirika. Nilimwambia kila mtu anajua ni Masanja, na kwamba kubeba kosa la mtu aliyekimbia ni ujinga.

"Sijabeba lake," akanijibu. "Lake bado liko palepale, linamngoja. Mimi nimebeba langu."

Shemeji zake Masanja walikwenda Ibadakuli kumshauri Mama Neema arudi kwao, mifugo irejeshwe, mambo yaishe. Mama Neema alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, na walidhani itakuwa rahisi. Aliwaambia, "Mume wangu hajafa, amejificha. Aliyejificha haombolezwi." Akaja jinarini akaomba kazi pamoja na wanawake waliotenganisha pamba safi na chafu, Neema mgongoni.

Mvua zilipoanza, Mzee Yohana alinichukua twende kumlimia Mama Neema shamba lake, lile la upande wa uwanja wa ndege. Maneno hayakuchelewa mjini: mzee ana lake jambo na mke wa mtu. Aliposikia hivyo hakukasirika. Jumamosi iliyofuata alimpakia mkewe kwenye keria ya baiskeli, akaisukuma hadi Ibadakuli, akamkalisha pembeni ya shamba chini ya mwavuli. Tangu hapo yule mama alikuja kila mara, akatusimamia kwa ukali kuliko meneja yeyote niliyewahi kumwona. "Tuta hilo limepinda!" alipiga kelele. "Unalima au unaandika jina lako?" Mama Neema alicheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ule moto.

Msimu wa pili habari zikafika kwamba Masanja yuko Geita, anachimba dhahabu. Mara tu mashine ziliposimama kwa matengenezo Mzee Yohana akaomba ruhusa, nami nikaomba. Tulipanda treni hadi Mwanza, tukavuka kwa pantoni, tukamalizia safari juu ya magunia ndani ya lori. Ilinishangaza nchi ile. Vilima vimetobolewa kila mahali, na kila shimo, wenyewe wanaita duara, lina kamba, kapi na watu weupe kwa vumbi. Nilijisemea kwamba tumehama vumbi moja tukaja kwenye jingine.

Tulimkuta asubuhi, ametoka kwenye duara, amekaa juu ya rundo la mawe. Alikuwa amekonda. Mzee Yohana alikaa karibu naye, akafungua kitambaa chenye michembe ya viazi na karanga alivyofungiwa na mkewe, akavisogeza kwake. Masanja akala kwanza.

"Mzee, msidhani nimewatupa," Masanja alianza. "Nikipata jiwe moja zuri narudi. Narudi na gari. Nitajenga nyumba ya bati, Mama Neema ataniona, watu wote wataniona."

"Neema hajauliza habari za bati. Anaanza kusema, lakini neno hilo hajalifikia."

"Nitarudi na sura gani? Ghala zima, mzee! Ghala zima!"

Mzee Yohana alichukua karanga moja, akaimenya. "Adamu alipojificha kwenye miti," akasema, "Mungu hakuanza na umefanya nini. Hilo lilikuja baadaye. Alianza na uko wapi. Mimi na mwenzangu tumesafiri mbali kukuletea swali hilohilo. Uko wapi, Masanja?"

Masanja aliokota jiwe, akaligeuza mkononi. Halafu akauliza, "Habari za ghala waliulizwa kina nani?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka ajue kila kitu, ufomeni, jua, benchi, imwingie mpaka kwenye mifupa. Mzee Yohana alinikanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu.

"Waliulizana ofisini, wakamaliza," akasema.

Mtu mmoja aliita kutoka kwenye duara, "Ngosha, zamu yako!" Masanja akasimama, akashika kamba, akashuka. Tulimngoja mpaka jua likawa la utosi, hakutoka. Tukaondoka.

Ndani ya lori nilimlaumu mzee wangu bila adabu. Nilimwambia neno moja tu lingemrudisha kijana yule siku hiyohiyo.

"Lingemrudisha," alikubali. "Lakini kwa nani? Angerudi kwangu, anionee huruma, anipigie magoti. Mimi sina haja naye. Nataka arudi kwa mkewe."

Tulipofika pantoni nilishuka nikichechemea. Mguu wenyewe ulikuwa bado unauma.

Ukapita msimu mwingine wa kulima. Jinari ilikuwa imefunguliwa tena, na asubuhi moja nilikuwa uwanjani nikizungumza na Mzee Yohana kwenye benchi lake niliposikia mtu akibisha hodi getini. Alikuwa Masanja. Hakuwa na gari wala begi, alikuwa na kifurushi kidogo cha nguo. Alipofika mbele ya Mzee Yohana alipiga magoti pale vumbini.

"Mzee, nimekuja."

"Umeshafika nyumbani?"

"Bado. Nimeshuka kwenye treni nikaanza kwako."

"Basi umepotea njia," Mzee Yohana akasema, na akageuka kupapasa robota. Kwangu akaongeza, "Msindikize. Ukifika, simama nje."

Tulitembea kuelekea Ibadakuli. Njiani Masanja aliniuliza kwa nini fomeni anakaa kwenye benchi la marobota. Safari hii hapakuwa na kisigino cha kunizuia, nikamweleza yote. Alikaa chini pembeni ya barabara, akajifunika uso kwa kile kifurushi, akalia kwa sauti. Watu wa baiskeli wakapita wakitutazama. Aliponyanyuka alisema, "Turudi. Niende kwa meneja kwanza nikaseme ni mimi."

Nilikiri moyoni kwamba ni neno la kiume, na nilitaka sana kumruhusu. Lakini nilikuwa nimetumwa. "Meneja yupo kesho pia," nikamwambia. "Twende."

Ya meneja niyamalize hapa. Masanja alikwenda kesho yake kweli, akasema kweli, na tulitegemea Mzee Yohana arudishiwe cheo. Ofisi ikasema nafasi imeshajazwa, ikamshukuru kwa uvumilivu. Walichokubali ni kwamba Masanja ashike lile benchi na mzee aingie karakanani, kivulini, awafundishe vijana. Huko ndiko alikomalizia kazi, na mafundi wengi mnaowaita leo wakubwa walifundishwa bisibisi ya sikioni pale. Tulimzika miaka michache baadaye. Kanisa lilijaa hadi nje, na sisi Wakatoliki tulikuwa wengi. Namkumbuka kila siku ya Mungu, na sioni haya kuliandika hilo.

Lakini nataka mjue tulivyofika Ibadakuli, kwa sababu nilikuwepo.

Mama Neema alikuwa uani akipembua mtama kwa ungo. Jirani zake wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Nilisimama nje kama nilivyoagizwa, karibu na mti wa mnyaa. Masanja aliingia hadi katikati ya ua, akakwama hapo. Mama Neema alimwona. Hakupiga goti, hakulia, hakumfukuza. Aliendelea kupembua, mtama ukaruka na kurudi kwenye ungo, na hakumwaga hata punje.

Neema alitoka ndani, ameshika kipande cha muhogo. Alimtazama mgeni, akamkimbilia mama yake.

"Mama, huyu nani?"

"Muulize mwenyewe," Mama Neema akasema.

Mtoto akageuka. "Wewe nani?"

Masanja alimtazama mkewe, kama mtu anayeomba asaidiwe. Mama Neema alikuwa ameuweka ungo chini, anangoja na yeye. Hakuna aliyemsaidia. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Naitwa Masanja," akasema. "Niliunguza ghala la pamba kwa uzembe, nikaogopa, nikakimbia. Mzee wa watu akaumia kwa ajili yangu. Wewe na mama yako niliwaacha peke yenu. Mimi ni baba yako."

Sidhani Neema alielewa hata nusu yake. Mama yake alielewa yote. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akasogea, akaweka mkono kichwani mwa mtoto.

"Umemsikia," akamwambia. "Sasa msalimie."

"Shikamoo, baba," Neema akasema.

Jibu lake ni neno moja, na hakuna mtu mzima wa nchi hii asiyelijua. Masanja alifungua mdomo, likakataa kutoka. Akajaribu tena. Mtoto alikuwa bado anamtazama, muhogo mkononi, na sisi wote uani na nje ya ua tulikuwa tunamngoja.

"Marahaba, mwanangu," akasema.